Watano Waliotoa Shamba la Chuo

Kwa miaka ishirini na miwili Loice Kemunto amekuwa mkutubi wa chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya Keroka, na muda wote huo amekuwa na kazi mbili. Moja analipwa mshahara. Nyingine halipwi chochote, ila ndiyo iliyomfanya asalimiwe kwa heshima kutoka Mosocho hadi Ekerenyo.

Kazi ya mshahara ni maktaba, chumba kirefu chenye madirisha kumi na moja, manane kati ya hayo yakiwa yanafunguka. Kila Jumatano saa nne asubuhi humo ndani huwa kuna kipindi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huketi kwenye meza ndefu naye Loice huwafundisha kutafuta habari na kuipima. Namna ya kupata kitabu kwenye rafu bila kumsumbua mtu. Namna ya kuanzia nyuma ya kitabu, kwenye faharasa, badala ya kukisoma chote ukitafuta mstari mmoja. Namna ya kujua kama ulichokiona kwenye simu kiliandikwa na mtu anayelijua jambo au na mtu aliyekosa la kufanya siku hiyo. Ukutani amebandika kadibodi yenye maswali matatu: Nani anasema? Amejuaje? Tukimwamini, yeye anapata nini?

Kwa maswali hayo Loice hana mchezo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuchelewa akasema mvua ilimzuia Ekerenyo, na Loice akamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyeiona hiyo mvua. Nyuma ya mgongo wake wanamwita Madam Amejuaje. Analijua jina hilo, na ukweli ni kwamba linampendeza.

Kazi ya pili ni ya Alhamisi. Mazishi huku kwetu huwa Ijumaa au Jumamosi, na hakuna maziko ya heshima bila programu iliyochapwa kwa rangi: picha ya marehemu mbele, nyimbo nyuma, na katikati maisha yake kurasa mbili. Kurasa hizo mbili ndizo za Loice. Kamati ya mazishi hufika maktabani na daftari lenye majina ya watoto na wajukuu, huketi, hueleza, na Loice huandika kwa mkono wake nyuma ya kadi za zamani za katalogi ya vitabu, zile zilizobaki baada ya chuo kununua kompyuta. Kadi hizo hupelekwa mjini Kisii kwa Mama Jashoda, mwenye duka la uchapaji, na Ijumaa asubuhi watu mia tano wanasoma na kulia.

Kwenye kazi hiyo Loice hamuulizi mtu yale maswali matatu. Huwezi kumwambia mjane akuonyeshe ushahidi kwamba mumewe alikuwa mpole. Aliyekuwa mlevi, Loice humwandika kuwa alipenda kujumuika na watu. Aliyegombana na kila jirani alisimamia haki bila kuogopa. Hakuwahi kuona kwamba kazi hizi mbili zinahusiana, wala hakuna aliyemwambia. Jumatano ilikuwa Jumatano, na Alhamisi ilikuwa Alhamisi.

Taabu ilianza mkuu wa chuo, Manasseh Onyiego, alipomwita ofisini mwanzoni mwa muhula na kumwambia kwamba kipindi cha maktaba kitaondolewa kwenye ratiba.

"Si kwa ubaya, Madam Loice," alisema. "Lakini hii maneno ya kufundisha mtu kutafuta, siku hizi si simu inatafuta yenyewe? Unauliza, inajibu. Hiyo saa tutaweka kompyuta."

Loice aliumia. Alikuwa amebakiza miaka sita astaafu, hakujaliwa mtoto, na ile saa moja ya Jumatano ndiyo aliyokuwa akiivalia nguo nzuri. Hakutaka kulia mbele ya mkuu, kwa hiyo akafanya biashara. Jengo jipya la maktaba lilikuwa karibu kumalizika, na kila mtu alijua kwamba litapewa jina la Mzee Onyiego, baba yake mkuu, aliyefariki miaka sita iliyopita na ambaye, kama kitabu cha mwongozo cha chuo kinavyosema, ndiye aliyetoa shamba ambalo chuo kimejengwa juu yake.

"Nipe kazi moja, Mkuu," Loice alisema. "Wanafunzi wangu watatafuta habari za shamba na za Mzee, waziweke ukutani siku ya jengo kupewa jina. Kila jambo na ushahidi wake. Uone kama simu ingeweza. Ukiridhika, uniachie saa yangu."

Manasseh alifurahi waziwazi. Baba yake kuwekwa ukutani pamoja na ushahidi ni jambo ambalo mtoto yeyote angelikubali. Wakapeana mikono. Loice alitoka ofisini akijipongeza kwa ujanja wake, maana alikuwa amechagua swali ambalo jibu lake lilikuwa limeshajulikana na kumpendeza mwenye kuamua.

Darasani aligawa kazi. Duncan, kijana mwepesi wa simu, alirudi wiki ya kwanza akiwa amemaliza.

"Ni Mzee Onyiego, Madam. Simu imesema."

"Simu imejuaje?"

Duncan akafuata nyayo kama alivyofundishwa. Simu ilikuwa imetoa habari kwenye tovuti ya chuo. Tovuti ilikuwa imenakili kitabu cha mwongozo. Kitabu cha mwongozo, kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa nne, kilisema kimetoa habari hiyo kwenye programu ya mazishi ya marehemu. Loice alihisi kitu, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu mekoni. Alikipuuza. Alimsifu Duncan mbele ya wenzake, akamtuma Gesare kwenda Kisii kutafuta hiyo programu kwa mchapaji.

Gesare alikuwa msichana mkimya kutoka upande wa Ekerenyo, mwenye mwandiko mdogo na asiyeandika neno mpaka aamini. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote ambao Loice amewahi kupata. Alimkuta Mama Jashoda kwenye kaunta, na Mama Jashoda, Mhindi aliyezaliwa mjini Kisii na ambaye Ekegusii chake, lugha ya huku, kingemwaibisha Gesare, akampeleka stoo. Tangu siku za baba mkwe wake duka halikutupa kazi yoyote. Kila programu iliyopigwa chapa, nakala moja ilibanwa pamoja na maandishi ya mteja na kutiwa kwenye katoni la mafuta ya kupikia, ili mtu asije kusema kesho kwamba picha ya marehemu ilikuwa nyingine.

Gesare aliomba programu ya Mzee Onyiego. Lakini alikuwa amefundishwa kutokutosheka na chanzo kimoja, kwa hiyo akakaa chini sakafuni akafungua makatoni yote. Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Mama Jashoda alimletea chai.

Aliyoyapata aliyaeleza Jumatano moja muhula ukielekea mwisho, na Jumatano hiyo Manasseh Onyiego alikuwa ameamua kuja kusikiliza. Alikuja na suti ya bluu. Aliketi kwenye kiti cha nyuma, akafungua daftari, akamtikisia Loice kichwa kwa wema.

Gesare alibandika karatasi kubwa ukutani. Juu yake kulikuwa na picha tano za wazee watano waliokufa kwa nyakati mbalimbali: Mzee Onsongo, Mzee Bosire, mwalimu mmoja mstaafu aliyeitwa Thadeus, mzee mmoja wa kanisa, na wa mwisho Mzee Onyiego.

"Swali lilikuwa ni nani alitoa shamba la chuo," Gesare alisema kwa sauti yake ndogo. "Kwa programu ya mazishi, Mkuu, tumepata watu watano. Kila mmoja alilitoa lote."

Wanafunzi walicheka, kisha wakaangalia nyuma wakanyamaza.

Lazima ieleweke shamba ni kitu gani huku. Hizi ni sehemu ambapo ndugu wa tumbo moja wanaweza kwenda mahakamani miaka tisa kwa sababu ya mstari mmoja wa migomba, na ambapo baba akigawa shamba kwa wana sita, kila mmoja anapata pa kujenga na pa kugeukia. Kumsema marehemu kwamba aliwapa watu wengine shamba, tena ekari nne, tena bure, ni kumpandisha karibu na malaika. Basi familia ya kwanza ilipoandikiwa hivyo, ya pili ilisoma ikavutiwa, na kila kamati iliyofuata ilifika na daftari lake ikasema, na ile ya shamba pia usisahau.

Gesare alisoma kwa sauti kutoka programu ya kwanza: "Kwa moyo mkunjufu na bila kuombwa na mtu, alitoa shamba lake ili watoto wa jirani wapate mwanga." Akachukua ya pili, akasoma maneno yale yale. Alipofika ya nne wanafunzi walikuwa wanaisema pamoja naye. Ya tano hakuisoma. Aliiweka mezani taratibu.

Loice alikuwa amesimama karibu na dirisha. Mkunjufu lilikuwa neno lake. Alilipenda. Aliwahi kulitafuta kwenye kamusi ili ahakikishe.

"Kwa sababu vyanzo vinapingana," Gesare aliendelea, "tulienda ofisi ya ardhi. Keroka iko nusu kaunti ya Nyamira nusu ya Kisii, kwa hivyo tulienda moja, wakatuambia faili iko ile nyingine. Tukaenda ile nyingine. Faili tumeiona, Madam, nakala ni hii. Hili shamba halikuwa la mtu. Lilikuwa la serikali tangu zamani. Lilikuwa dipu ya ng'ombe, pa kuwaogeshea dawa. Ule mfereji wa simiti nyuma ya jikoni, wenye wapishi wamepanda sukuma, ndiyo dipu yenyewe."

Ilikuwa kazi safi. Katika miaka ishirini na miwili Loice hakuwahi kuona mwanafunzi akitafuta kitu namna hiyo, na kama angekuwa mtu mwingine angepiga makofi. Manasseh alifunga daftari lake.

"Na hizi programu," alisema, "nani aliandika?"

Gesare alikuwa ameshika folda kifuani. Kwenye ukingo wa folda Loice aliona kona za kadi, manjano kidogo, zenye tundu moja chini katikati. Kadi za katalogi. Nani mwingine kuanzia Keroka mpaka Kisii alikuwa na kadi za katalogi? Gesare alikuwa amezishika kwa wiki nzima. Alijua.

"Hiyo bado hatujajua, Mkuu," Gesare alisema, akiangalia sakafu.

Hapo ndipo Loice alipopata aibu yenyewe. Kuumbuliwa angekuvumilia. Lakini yule msichana, asiyeandika neno mpaka aamini, alikuwa amesimama chini ya ile kadibodi na kusema uongo, na alikuwa ameusema kwa ajili ya mwalimu wake. Vizuri kabisa, Loice alijiambia. Muhula mzima umemfundisha kutafuta ukweli, na leo umemfundisha kuuficha. Angenyamaza, mambo yangepita. Mkuu angelaumu wachapaji, au kamati, au marehemu.

"Ni mimi, Mkuu," alisema. "Zote tano niliziandika mimi."

Duncan alikuwa ameshika simu yake bila kuiangalia. Manasseh alimtazama Loice kwa muda, na sura yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetafuta njia ya kutokea, na akaipata.

"Madam Loice, hebu tuelewane," alisema kwa upole. "Hizo nne uliandika vile watu walikuambia. Watu husema mengi kwa kilio. Lakini ya baba yangu uliandika kwa sababu wewe ni mtu wa hapa na ulijua mwenyewe. Si ndiyo? Zamani hiyo karatasi za serikali zilikuwa zinaandikwa ovyo. Sema hivyo tu, hawa watoto wasikie, na kipindi chako hakiguswi. Nakuahidi."

Alikuwa anamsaidia, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Loice alitazama nje. Kupitia dirisha lisilofunguka aliweza kuona nyuma ya jikoni, sukuma wiki zikiwa zimejipanga ndani ya simiti. Alikuwa ameyatazama majani hayo kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na miwili. Sasa ndipo alipoyaona pamoja na kile kilichokuwa hapo kabla yake: maji meusi, harufu ya dawa ya kupe, ng'ombe wakikataa kuruka, na yeye mwenyewe akiwa msichana wa miaka minane ameshika kamba ya ndama. Alikuwa shahidi. Hakuhitaji ofisi ya ardhi hata moja. Habari yote alikuwa nayo kichwani, na alikuwa ameandika kinyume chake mara tano kwa mwandiko mzuri.

"Mkuu," alisema, "mimi nilikuwa naleta ndama wetu hapa kila Jumanne. Baba yako naye alikuwa analeta ng'ombe wake. Alikuwa anapanga laini mbele yetu."

Manasseh alisimama, akajifunga kifungo cha koti, akatoka. Alifunga mlango taratibu, kama mtu mwenye adabu zake. Loice aliwaambia wanafunzi wafungue madaftari, akamsahihisha Gesare namna ya kuandika namba ya faili, na hakumwambia lolote kuhusu zile kadi.

Ratiba mpya ilibandikwa Ijumaa. Jumatano saa nne ilikuwa imeandikwa Kompyuta. Wahadhiri wenzake walimpa pole kwa sauti ya chini, kama aliyefiwa, na jana yake, Alhamisi, hakuna kamati iliyokuwa imefika. Alhamisi iliyofuata pia. Habari zilikuwa zimefika Ekerenyo, na watu waliona si salama kumpelekea marehemu wao mtu wa namna hiyo.

Jumatano ya mwisho ya muhula wanafunzi walikuwa wameshaondoka. Loice alivaa nguo yake nzuri kwa mazoea, akafungua maktaba, akakaa. Saa nne na dakika chache Manasseh Onyiego akaingia peke yake, bila koti. Alizunguka meza ndefu, akachagua kiti cha mwanafunzi, akaketi. Loice alidhani amekuja kuchukua funguo.

"Jiwe la jengo lilikuwa limeshachongwa kule Tabaka kwa wachonga mawe," alisema. "Jina la Mzee, na 'Mtoaji wa Shamba Hili.' Nimewaambia waligeuze wachonge upande wa pili. Waandike maktaba tu."

"Pole, Mkuu."

"Mimi sikulelewa hapa. Nilikaa kwa mjomba Mosocho tangu darasa la kwanza, halafu bweni, halafu kazi Nairobi. Kurudi, Mzee alikuwa hasemi vizuri. Tukamzika. Ile programu yako niliiweka ndani ya Biblia. Nimekuwa nikiisoma miaka sita. Ndiyo kitu nilikuwa nacho."

Kwa wiki mbili Loice alikuwa ameililia saa yake, akajiona mtu aliyeonewa kwa kusema kweli. Hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba kulikuwa na mtu aliyesoma kurasa zake akitafuta baba, na yeye akampa sentensi aliyokuwa ameshawapa wengine wanne.

Manasseh alivuta karatasi kutoka kwenye sanduku la mezani, ile ya kuandikia maombi ya vitabu. "Ulisema alikuwa anapanga laini mbele yenu. Alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Wawili. Mmoja mweusi, hana shida. Mwingine alikuwa haharakishwi na mtu. Alimpa jina Kwini."

"Kwini," Manasseh alirudia, akaandika.

"Huyo Kwini akifika kwa maji anasimama, laini yote inasimama. Watu wazima walikuwa wanakasirika. Sisi watoto hatukukasirika, kwa sababu Mzee alikuwa anakuja na mafungu mawili ya miwa begani. Alijua ng'ombe wake atatuchelewesha. Alikuwa anakaa pale juu ya ukuta, anamenya kwa kisu, anatukatia mmoja mmoja, mpaka wa mwisho kwa laini. Yeye mwenyewe sikumwona akila."

Kalamu ya Manasseh ilisimama. Aliinamisha kichwa juu ya karatasi muda mrefu, na alipokiinua macho yake yalikuwa mekundu.

"Hii mbona hukuandika?" aliuliza.

"Nilidhani hamtaitaka," Loice alisema.